Barua ya wazi kwa serikali ya kaunti yetu: Nionyesheni notisi yenye namba ya ploti yangu

Mheshimiwa Gavana,
Mheshimiwa Waziri wa Ardhi na Mipango wa Kaunti,
Mwanasheria wa Kaunti,
Waheshimiwa wawakilishi wadi,

Salamu kwenu nyote. Mimi ndimi mwenye ile ploti ya futi hamsini kwa mia nyuma ya soko, ambayo tingatinga lenu liliingia alfajiri ya Jumanne moja mwaka jana likabomoa ukuta wa mbele na vyumba vinne vya kupangisha. Wengine wenu mnanijua kama "mlalamishi" tu, kwa sababu ya kesi iliyo mbele ya Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Kabla ya kuwa mlalamishi nilikuwa mlipaji wenu wa kodi ya ardhi kwa miaka 11 mfululizo, na risiti zote ninazo.

Uamuzi wa kesi ni wa jaji, nami simfundishi kazi yake. Nawaandikia juu ya mambo yaliyo mikononi mwenu, ambayo mngeweza kuyatenda kesho asubuhi bila kuamriwa na mtu. Naanza na karatasi moja.

Kwa miezi saba tuliambiwa kwamba notisi ilitolewa. Ofisi ya wadi ilisema ilitolewa. Idara ya mipango ilisema ilitolewa, ila aliyeitoa amehamishwa. Wakili wenu alisimama mbele ya jaji akasema ilitolewa, akaomba muda wa kuiwasilisha. Hatimaye ikaja, imeambatanishwa kwenye hati ya kiapo. Niliifungua kwenye simu ya wakili wangu tukiwa tumesimama varandani pa mahakama, nikaikuza kwa vidole viwili nisome kila neno.

Ni fomu iliyochapishwa. Juu kuna nembo ya kaunti. Katikati imeandikwa kwamba jengo lililo kwenye ploti namba, kisha nukta, nukta, nukta mpaka ukingoni mwa karatasi, limejengwa kinyume cha sheria na liondolewe mara moja. Hakuna namba. Panapotakiwa jina la mmiliki ni nukta. Panapotakiwa sahihi ya aliyepokea ni nukta. Tarehe ipo, kwa kalamu ya buluu, na muhuri upo, umepigwa sawasawa. Karatasi ile ingefaa kubandikwa kwenye mlango wa nyumba yoyote katika kaunti hii, na nyumba hiyo ikabomolewa siku hiyo hiyo.

Waheshimiwa, hiyo ndiyo karatasi mliyoitegemea kuwatoa watu kitandani.

Niwaeleze ilivyokuwa, kwa maana sidhani kama kuna mmoja wenu aliyekuwepo. Simu ilinipata saa kumi na moja kasorobo. Nilipofika, ukuta ulikuwa umekwisha lala na tingatinga liko kwenye chumba cha pili. Askari wa kaunti walikuwa wamejipanga barabarani, nikawauliza mkubwa wao ni nani. Hakuna aliyejibu. Nikauliza barua ya kazi iko wapi. Mmoja akaniambia niende ofisini ikifunguliwa. Hakuna aliyevaa beji ya jina. Mpangaji wa chumba cha pili ni mama anayeshona sare za shule. Alikuwa amewahi kutoa watoto na godoro, lakini cherehani yake ya kukanyaga ilibaki ndani. Tulipoinua mabati tuliikuta imelala ubavu, gurudumu limepinda, na shati jeupe la mtoto wa watu bado limo chini ya sindano, upande mmoja wa kola umeshonwa na mwingine haujashonwa. Yule mama hakulia. Alikata uzi, akalikung'uta vumbi lile shati, akalikunja. Alikuwa na mashati kumi na manne ya kupeleka kabla shule hazijafunguliwa.

Nilikuwa na ramani ya ujenzi iliyopigwa muhuri na idara yenu wenyewe. Niliikimbilia nyumbani, nikaileta, nikaifunua juu ya boneti ya gari lenu. Hakuna aliyeitazama.

Tangu siku hiyo nimesikia kutoka kwenu sababu tatu. Ya kwanza, kwamba nilijenga bila kibali. Nilipotoa ramani yenye muhuri, ikaja ya pili: ukuta uko ndani ya hifadhi ya barabara, yaani ardhi iliyotengewa barabara. Nilipoomba vipimo, ikaja ya tatu, kwamba kaunti inapanua barabara ya soko kwa manufaa ya umma. Sina ugomvi na barabara. Soko letu linaihitaji, na mvua ikinyesha hata mimi hukwama pale. Lakini kila sababu kati ya hizo tatu ina njia yake kisheria, na hamkupita hata moja.

Kama nilijenga bila kibali, Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, sehemu ya 72, inamtaka waziri wa kaunti ampe mwenye ploti notisi ya utekelezaji inayotaja kosa lenyewe na hatua anazotakiwa kuchukua, katika muda gani. Anayepewa ana siku 14 za kukata rufaa kwenye kamati ya uhusiano ya mipango ya kaunti, nayo kamati ina siku 30 za kuamua. Asiporidhika, njia ya kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi iko wazi kwa hoja za kisheria. Zile siku 14 ndizo ambazo ningeleta ramani yangu mezani, karani akafungua faili, mkaona muhuri wenu, mambo yakaishia hapo. Notisi yenye nukta tupu haina wa kukata rufaa, kwa kuwa haimhusu mtu yeyote.

Kama mlihitaji ardhi yangu kwa barabara, njia yake iko katika Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012. Serikali ya kaunti hupeleka ombi kwa Tume ya Taifa ya Ardhi. Tume hutangaza nia ya kutwaa katika Gazeti Rasmi la Serikali, husubiri angalau siku 30, kisha hufanya kikao cha uchunguzi ambapo kila mwenye maslahi, hata mpangaji, huweza kutoa madai yake. Halafu fidia. Kifungu cha 40 cha Katiba ya Kenya kinasema fidia hiyo iwe ya haki, kamili na ilipwe bila kukawia. Nimepekua matangazo hayo. Ploti yangu haimo.

Na kama ukuta ulikuwa ndani ya hifadhi ya barabara, basi kuna bikoni, yaani alama za mpaka wa ploti. Ploti yangu ina bikoni nne, zimefukiwa saruji na namba. Mpima ardhi wa kaunti angezifikia kwa nusu siku, mkanda mkononi. Hakuja kabla ya kubomoa, wala hajaja hadi leo.

Najua mtasema nini, kwa sababu wakili wenu ameshasema: hati miliki si kinga. Anataja kesi ya Nyali, nami nimeisoma hukumu ile usiku baada ya usiku, kwa kuwa niliogopa kwamba huenda ana haki. Kampuni yenye hati ya kiwanja cha ufuoni, Nyali, iliishtaki Serikali ya Kaunti ya Mombasa, ambayo mwaka 2017 iliubomoa ukuta wake ili kufungua njia ya kwenda baharini. Tarehe 21 Aprili 2023 Mahakama ya Juu iliikatalia kampuni hiyo. Ardhi ile ilikuwa eneo la wazi la umma, ikagawiwa mtu binafsi mwaka 1989 bila taratibu kufuatwa, na aliyenunua baadaye hakuweza kujificha nyuma ya hati aliyouziwa. Katiba yenyewe, katika kifungu hicho hicho cha 40, inasema hailindi mali iliyopatikana kinyume cha sheria.

Naiunga mkono hukumu ile kwa moyo wangu wote. Fukwe, viwanja vya shule, makaburi na ardhi za hospitali zimeliwa nchi nzima na watu wenye hati safi zenye mizizi iliyooza, na kaunti inayozirudisha inafanya kazi ya watu. Lakini isomeni mpaka mwisho. Mahakama ilichimba historia ya kile kiwanja toka kilipoanzia, karatasi kwa karatasi, na ndipo ikasema. Basi chimbeni changu pia. Nilinunua kwa familia iliyokuwa na shamba pale tangu wakati wa upimaji wa ardhi. Mgawanyo ulipitishwa na bodi ya ardhi, ramani ya mgawanyo ipo, na ninyi wenyewe mmetoza kodi kwa namba hiyo kwa miaka 11. Hakuna mahali popote kwenye majibu yenu mahakamani mliposema kwamba hati yangu ni ya wizi. Mmetaja kesi ya Nyali tu, mkitumaini kwamba jina lake litatosha kunitia doa.

Ipo na hukumu nyingine ambayo wakili wenu hajaitaja. Mwaka 2021 mahakama hiyo hiyo ya Juu ilikubali kwamba kampuni moja iliyomiliki ardhi Ngomeni, kule Kilifi, ilipwe fidia, baada ya Serikali kuwapa watu wengine hati juu ya ardhi hiyo hiyo bila kufuata njia ya utwaaji inayotakiwa na sheria. Kuwapa makazi wasio na ardhi ni jambo jema. Wema huo haukuiondolea Serikali wajibu wa kupita njia ya sheria na kulipa.

Hata tuseme mlinishuku. Hata mwizi aliyeshikwa na kuku kwapani huulizwa jina lake. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kutendewa na ofisi za umma kwa njia iliyo halali, ya busara na yenye utaratibu wa haki, na panapoguswa haki yake, apewe sababu kwa maandishi. Sheria ya mwaka 2015 ya kutekeleza kifungu hicho inataka mtu apewe taarifa mapema na nafasi ya kujieleza. Nami niliomba sababu kwa maandishi. Barua yangu ina muhuri wa mapokezi wa ofisi yenu. Haijajibiwa.

Sasa nije kwenye mwenendo wa kesi yenyewe, na hapa nasema nawe hasa, Mwanasheria wa Kaunti. Kesi hii imetajwa mara sita. Mara ya kwanza hamkuwa mmejibu. Mara ya pili mlikuwa mmebadilisha mawakili, na yule mpya hakuwa amepata faili. Mara ya tatu aliomba siku 21. Mara ya nne alikuja na ile notisi. Ya tano alikuwa mahakama nyingine, ya sita mtandao ulimkatikia kabla hajataja jina lake. Kila mara mimi na mashahidi wangu tulifunga biashara zetu, na kila mara nilitoka nimeshika tarehe nyingine. Nasema hivi kwa heshima: huko ni kunibomolea mara ya pili, polepole. Kaunti haizeeki. Wakili wake hulipwa iwe kesi imesikizwa au imeahirishwa. Mimi nina mkopo wa sacco, chama chetu cha akiba na mikopo, uliojenga vile vyumba, na sacco haijui habari ya kuahirishwa. Vyumba vinne vilikuwa vikiniingizia shilingi 4,500 kila kimoja kwa mwezi. Sasa naulipa mkopo wa nyumba ambazo hazipo.

Wakazi wa kijiji cha Mitumba, karibu na Uwanja wa Ndege wa Wilson jijini Nairobi, walibomolewa mwaka 2011 huku amri ya mahakama ya kuzuia ikiwa mkononi mwao. Hukumu ya Mahakama ya Juu ilisomwa Januari 2021. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza siku ile alikuwa amemaliza shule ya msingi zamani. Sitaki kesi yangu ihesabiwe kwa umri wa watoto wa wapangaji wangu.

Tuseme nimeshinda. Nimeuliza wakili wangu nini hufuata, na jibu lake lilininyima usingizi kuliko ubomoaji wenyewe. Mtu akinidai mimi na akapata hukumu, dalali anakuja kuchukua friji. Anayeidai serikali, kwa miaka mingi sehemu ya 21 ya Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali, Sura ya 40, imemzuia kukamata mali ya serikali. Huchukua cheti cha amri ya mahakama, akakipeleka kwa afisa mhasibu, akangoja. Asipolipwa, hurudi mahakamani kuomba amri ya kumlazimisha afisa huyo alipe. Akikaidi, hurudi tena kuomba aadhibiwe kwa kudharau mahakama. Hizo ni kesi mbili nyingine juu ya ile aliyokwisha kushinda. Wakati huo wote deni linakaa kwenye vitabu vya kaunti kama bili ambazo hazijalipwa, riba ikipanda, na kila bajeti mpya inaruka jina lake.

Na riba hiyo, na ada za mawakili, na fidia, zitatoka wapi? Kwenye ile kodi ya ardhi ninayolipa, na ada ya soko ambayo yule mama mshonaji hulipa kila asubuhi anapotandika meza yake. Aliyelituma tingatinga hatatoa hata shilingi. Kifungu cha 226 cha Katiba kinasema afisa wa umma anayeelekeza au kuidhinisha fedha za umma zitumike kinyume cha sheria atawajibika yeye kwa hasara, awe bado yuko ofisini au ameshaondoka. Mafuta ya lile tingatinga yalilipiwa na fedha za umma. Posho za askari wale wa alfajiri pia. Kuna mtu aliyeidhinisha, na jina lake liko kwenye vocha.

Mheshimiwa Gavana, nakuomba umtume mpima ardhi wa kaunti, mbele yangu, mbele ya mpima wangu na wapangaji wawili, azitafute bikoni na aandike anachokiona. Kama ukuta wangu uliingia barabarani hata kwa futi moja, nitakiri mahakamani kwa mdomo wangu mwenyewe na sehemu hiyo ya madai nitaiondoa. Vyumba vilikuwa futi 20 nyuma ya ukuta, kwa hiyo vyenyewe bado mtavieleza. Kama haukuingia, basi keti nami tuzungumze fidia. Kifungu cha 159 kinaipa mahakama jukumu la kuhimiza usuluhishi, na jaji alituuliza mara mbili kama tuko tayari. Mimi nilisema niko tayari. Upande wenu ulisema unangoja maelekezo. Maelekezo hayo ni yako wewe, Mheshimiwa.

Waheshimiwa wawakilishi wadi, kifungu cha 195 kinawapa uwezo wa kumwita mtu yeyote mbele ya bunge la kaunti atoe ushahidi au taarifa. Kamati yenu ya ardhi na imwite afisa aliyeweka tarehe kwa kalamu ya buluu kwenye fomu isiyo na namba. Mumuulize fomu kama hizo ngapi zimo kwenye droo, zimekwisha pigwa muhuri, zinangoja tarehe. Nauliza kwa sababu baada ya habari yangu kuenea, wenye ploti wawili wa upande wa stendi walinijia na karatasi zao. Nukta ni zile zile. Mmoja wao bado hajabomolewa. Analala akisikiliza barabara.

Waziri wa Ardhi, nakusihi kwamba tangu leo notisi isitoke ofisini kwako bila namba ya ploti, jina la mwenyewe, kosa lililotajwa na siku ya mwisho ya rufaa, na kwamba mbomoaji asitume mashine kabla siku hizo hazijaisha. Sikuombi kitu kipya. Kimeandikwa katika sheria ambayo wizara yako ndiyo inayoitekeleza.

Wapo wanaoniambia niache, kwamba serikali haishitakiwi, kwamba nitaitiwa maafisa wa afya na wa leseni kila wiki. Tayari wamekuja mara mbili kwenye duka langu dogo, wakakuta cheti cha kila kitu. Sitaacha. Kifungu cha 22 kinanipa haki ya kwenda mahakamani haki yangu inapovunjwa, na hakikuweka sharti kwamba aliyeivunja awe mnyonge kama mimi.

Kesi yetu inatajwa tena wiki tatu zijazo. Kabla ya hapo lango langu liko wazi kwa mpima wenu, siku yoyote, saa yoyote ya mchana. Bikoni tatu zinaonekana. Ya nne iko chini ya kifusi cha ukuta, kona ya upande wa soko. Aje na koleo, nami nitamsaidia kuondoa mawe.

Wenu,
Mwenye ploti nyuma ya soko